Kujifunza Piano Mbele ya Wenzako: Kutoka Weimar ya Liszt hadi Shule za Kiangazi za Leo

Kila ifikapo Julai na Agosti, vyuo kadhaa vya Ulaya na Marekani ambavyo wanafunzi wake wamekwenda likizo hufungua milango kwa wageni wa aina nyingine: wapiga piano wa kila umri waliosafiri ili wakae wiki moja au zaidi karibu na mabingwa, wapige mbele yao, wasahihishwe, na jioni wawasikilize mabingwa hao hao jukwaani. Ni muda mfupi mno ukiulinganisha na miaka ambayo piano hudai, na mtu ana haki ya kuuliza ni jambo gani la maana linaloweza kufundishwa katika siku chache hivyo. Mimi ni mwalimu wa piano, na swali hilo limenishughulisha sana, kwa sababu jibu ninaloliamini linapingana na namna tunavyolifundisha somo hili katika miji yetu. Faida kubwa ya shule ya kiangazi, kwa maoni yangu, haimo katika zile dakika chache ambazo mwanafunzi hukaa peke yake na bingwa. Imo katika saa nyingi anazokaa kimya, nota zikiwa mapajani, akisikiliza mwenzake akifundishwa.

Desturi hiyo ina historia, na sehemu yake iliyo nzuri kuliko zote ilitokea katika nyumba moja ya mji mdogo wa Ujerumani. Franz Liszt aliacha kupiga piano kwa malipo mwaka 1847, akiwa na umri wa miaka 35, wakati ambapo Ulaya nzima haikuwa na mpiga piano mashuhuri kumzidi. Mwaka uliofuata alihamia Weimar kuongoza muziki katika jumba la mtawala, na vijana wakamfuata huko, miongoni mwao Hans von Bülow na Carl Tausig. Mwaka 1861 aliondoka kwenda kuishi Roma. Kisa ninachokikusudia kinaanza mwaka 1869, pale mtawala wa Weimar, Carl Alexander, alipomwomba arudi na kumpa makazi katika nyumba iliyokuwa ya mtunza bustani wa jumba, ukingoni mwa bustani kubwa inayopitiwa na mto Ilm. Tangu mwaka huo hadi alipofariki tarehe 31 Julai 1886, Liszt aligawa maisha yake kati ya Roma, Budapest na Weimar, na miezi ya joto ilikuwa ya Weimar. Wapiga piano kutoka Urusi, Marekani, Uskoti, Ureno, Hungaria na kwingineko walipanga safari zao kwa kufuata kalenda ya mzee huyo.

Utaratibu wenyewe ulikuwa rahisi. Mara tatu kwa wiki, wakati wa alasiri, wanafunzi walikusanyika katika sebule yake ya ghorofani. Kila aliyetaka kupiga aliweka nota zake pamoja na za wenzake. Liszt alipoingia, wote walisimama. Alipekua rundo lile, akachagua utungo aliotaka kuusikia siku hiyo, akauliza ni wa nani, na mwenye nota akaenda kuketi kwenye piano kubwa ya Bechstein mbele ya wote. Hakuna aliyekuwa na uhakika kwamba angeitwa, na wala hakuna aliyejua ni utungo upi ungechaguliwa. Liszt alitembea huku na huku chumbani akisikiliza, au alikaa kando ya mpigaji, na mara kwa mara alimwinua kijana kwenye kiti ili apige yeye mwenyewe mistari michache. Kwa waliokuwepo, mistari hiyo ndiyo iliyobaki akilini maisha yao yote, maana mtu huyo alikuwa hapigi tena katika matamasha ya kulipiwa, na aliyetaka kumsikia akipiga Bach au Chopin kwa kawaida alipaswa kuwamo ndani ya chumba kile.

Hakutoza ada. Hili nalitaja kwa makusudi, kwa sababu sebule ile ilijaa watu ambao wengine wasingeweza kulipa na wengine wasingestahili kupokewa mahali pengine popote. Wapo waliokuwa na kipaji cha ajabu: Eugen d'Albert, Moriz Rosenthal, Emil von Sauer, Arthur Friedheim, Alexander Siloti, Frederic Lamond aliyetoka Glasgow, José Vianna da Motta aliyekuja kutoka Ureno. Wapo pia waliokuja ili waseme tu kwamba walifundishwa na Liszt. Yeye alikuwa mpole mno kuwafukuza, na watu waliompenda walisikitishwa na upole huo. Wakati mmoja mwanzoni mwa miaka ya 1880, Bülow, aliyekuwa mwanafunzi wake wa zamani na sasa mmoja wa wapiga piano wakali kuliko wote barani, alishika darasa kwa niaba yake. Bülow aliwasikiliza, akawakemea waliopiga vibaya, akawaamuru baadhi yao waondoke wasirudi tena. Liszt alipolishika tena darasa lake, waliofukuzwa walirudi mmoja mmoja, naye akawapokea.

Walimu wengi wanaosoma kisa hiki humwunga mkono Bülow. Mimi namwunga mkono Liszt, ingawa najua gharama ya msimamo huo. Ni kweli kwamba mpigaji dhaifu hula muda wa wenye uwezo, na ni kweli kwamba baadhi ya wale waliovumiliwa walitumia jina la mwalimu wao vibaya baadaye. Hata hivyo, katika darasa la wazi makosa ya mpigaji wa kawaida yana manufaa makubwa kwa wasikilizaji, kwa sababu ndiyo makosa yetu sote. Bingwa anapomsahihisha kijana ambaye tayari anapiga kama bingwa, anazungumzia mambo madogo sana ambayo wengi wetu hatuyasikii hata tukiambiwa. Anapomsahihisha mtu ambaye mkono wake wa kushoto unaufunika wimbo wa mkono wa kulia, kila mtu ukumbini anaisikia tofauti kabla na baada, na anaondoka na kitu cha kufanyia kazi kesho asubuhi.

Kuna jambo ambalo Liszt hakulifundisha kabisa katika alasiri zile, nalo ni ufundi wa vidole. Aliyekosea skeli, au aliyeshindwa kupiga oktava kwa sababu kifundo cha mkono kimekakamaa, aliambiwa kwamba nguo chafu hufuliwa nyumbani. Alichokizungumzia ni muziki: mwendo wa sentensi, rangi ya sauti, mahali pa kuvuta pumzi, tabia ya utungo mzima. Alikuwa pia na nyimbo alizozikataa. Scherzo ya pili ya Chopin, utungo wa piano wa mwendo wa kasi, hakupenda iletwe, kwa sababu kila mtu aliileta, na sonata ya Beethoven ile inayoitwa ya Mbalamwezi aliiweka kando kama kitu chake mwenyewe.

Amy Fay, mwanamke kijana wa Marekani aliyefika Ujerumani mwaka 1869 na kuingia darasani mwa Liszt mwaka 1873, aliandika barua nyingi kwa jamaa zake, na barua hizo zilizochapishwa baadaye ni miongoni mwa ushahidi bora tulio nao juu ya alasiri zile. Ndani yake mna furaha isiyo na kifani ya mtu aliyekaa karibu na fundi mkubwa. Lakini baada ya Liszt, Fay alikwenda Berlin kwa mwalimu aitwaye Ludwig Deppe, na huko alirudishwa kwenye mazoezi mepesi ya polepole, akijifunza upya namna ya kuinua kidole, kulegeza bega na kuuacha uzito wa mkono ufanye kazi. Baada ya miaka ya kusoma na wakubwa wa zama zake, ndipo alipopata kutoka kwa mtu asiye mashuhuri maelezo aliyoyahitaji ya jinsi mkono unavyofanya kazi. Nadhani hapa ndipo penye ukweli mgumu kuhusu shule za kiangazi za kila zama. Bingwa wa jukwaani anaweza kukuonyesha mlima ulivyo. Mara nyingi hawezi, katika wiki moja, kukujengea miguu ya kuupanda. Shule inayojua hivyo huwachanganya mabingwa wa jukwaani na walimu ambao kazi yao ya mwaka mzima ni kufundisha, na haiwaoni hao wa pili kuwa wa daraja la chini.

Pamoja na upungufu huo, kile chumba cha Weimar kilizaa matunda ambayo hadi leo hayajaisha. Siloti alirudi Urusi akamfundisha binamu yake, mtunzi Sergei Rachmaninov, katika chuo cha Moscow. István Thomán, aliyesoma na Liszt mjini Budapest, aliwafundisha watunzi Béla Bartók na Ernő Dohnányi. Vianna da Motta alikuja kuwa mkuu wa chuo cha muziki cha Lisbon. Rosenthal, Sauer, d'Albert, Friedheim na Lamond waliishi hadi zama za santuri, na rekodi zao zinapatikana, kwa hiyo leo hii mtu yeyote mwenye simu anaweza kuwasikiliza watu waliosimama katika sebule ile. Ukiwasikiliza mmoja baada ya mwingine, utashangazwa na jambo moja: hawafanani. Lamond ni mzito na mnyofu. Rosenthal ni mwepesi, sauti yake ya chini ina mng'ao. Sauer ana adabu ya mtu asiye na haraka. Mwalimu aliyefundisha mbele ya watu ishirini kwa wakati mmoja hakutoa nakala ishirini za nafsi yake. Naamini sababu mojawapo ni hiyo hiyo ya kusikiliza pamoja. Anayefundishwa peke yake kwa miaka huiga mkono wa mwalimu wake kwa sababu hana kingine cha kuiga. Anayewasikia wenzake kumi wakipata mashauri kumi tofauti juu ya utungo ule ule hulazimika kujichagulia.

Jambo hili si geni kwetu. Vijana wa Zanzibar waliojifunza ala za udi na kanuni katika klabu za taarab walijifunza kwa kukaa pembeni ya wakubwa na kusikiliza muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kushika chombo mbele ya watu. Piano ndiyo iliyotufikia kwa njia nyingine, njia ya somo la mtu mmoja na mwalimu mmoja nyuma ya mlango uliofungwa, na mwisho wake mtihani.

Kutoka Weimar, njia moja inakwenda moja kwa moja, maana mji wenyewe haukuacha: chuo cha muziki kilichoanzishwa huko mwaka 1872, ambacho leo kina jina la Liszt, huendesha madarasa ya mabingwa wakati wa kiangazi. Njia nyingine inazunguka, nayo ndiyo inayonivutia zaidi. Liszt alikuwa mwanafunzi wa Carl Czerny mjini Vienna, na Czerny alikuwa mwanafunzi wa Beethoven. Czerny huyo huyo alimfundisha pia Theodor Leschetizky, ambaye naye alikuwa na desturi ya kuwakusanya wanafunzi wake mara kwa mara wapige mbele ya wenzao. Mmoja wa wanafunzi wa Leschetizky alikuwa Artur Schnabel, mtu wa kwanza kurekodi sonata zote 32 za Beethoven, kazi aliyoifanya London kati ya 1932 na 1935.

Schnabel, aliyekuwa Myahudi, aliondoka Ujerumani mwaka 1933 baada ya Wanazi kushika madaraka, akahamia Tremezzo, kijiji kilicho kando ya ziwa Como, Italia. Huko alifundisha wakati wa kiangazi, na wanafunzi walihudhuria masomo ya wenzao. Mwaka 1938 alipelekwa kwake mtoto wa Kimarekani aliyekuwa bado hajatimiza miaka 10, jina lake Leon Fleisher. Mtoto huyo alikaa katika chumba kimoja na watu wazima, akasikiliza sonata ambazo mikono yake isingeweza kuzipiga, na akasikia mtu akizungumzia namna kila noti inavyoelekea kwenye noti inayofuata. Fleisher alikuja kuwa mmoja wa wapiga piano wakubwa wa Marekani, akapoteza uwezo wa mkono wake wa kulia katikati ya miaka ya 1960 kutokana na maradhi ya neva, akaendelea kwa miaka mingi kupiga kwa mkono wa kushoto peke yake, kuongoza okestra na kufundisha. Aliongoza kituo cha muziki cha Tanglewood, ambacho ni shule ya kiangazi, tangu 1986 hadi 1997. Masomo yake mengi aliyatoa mbele ya wanafunzi waliokusanyika, kama alivyofundishwa.

Schnabel pia ndiye aliyetoa wazo la shule ya kiangazi nchini Uingereza. William Glock, mwanafunzi wake wa Berlin, aliifungua shule hiyo huko Bryanston, Dorset, mwaka 1948, na mwaka 1953 ikahamia Dartington, Devon. Waliofika hapo walikuwa wataalamu, wanafunzi, na watu wa kawaida ambao walipenda muziki, wakila meza moja. Nimegundua jambo ambalo pengine wengine wameliona kabla yangu: Lamond alifariki Februari 1948 na Vianna da Motta akafariki Juni mwaka huo huo, nao walikuwa miongoni mwa wa mwisho kati ya wale walioketi sebuleni mwa Liszt. Kiangazi hicho hicho Bryanston ilifungua milango.

Si kila shule ilifuata mkondo huo. Huko Ufaransa, katika jumba la Fontainebleau, shule ya kiangazi kwa ajili ya Wamarekani ilifunguliwa mwaka 1921, Isidor Philipp akiwa mwalimu wa piano, na baadaye Robert Casadesus. Nadia Boulanger, aliyefundisha hapo tangu mwanzo, ndiye aliyeiongoza kuanzia 1949 hadi kifo chake mwaka 1979. Mkazo wake ulikuwa nidhamu ya Kifaransa: usafi wa vidole, masikio makali, kusoma nota bila kubahatisha.

Marlboro, katika milima ya Vermont nchini Marekani, ni kitu kingine kabisa. Mpiga piano Rudolf Serkin na wenzake, wakiwemo mpiga fidla Adolf Busch na mpiga filimbi Marcel Moyse, waliianzisha mwaka 1951 kwa wazo ambalo bado linanishangaza kwa ushupavu wake: pale mabingwa hawafundishi kwa kusahihisha, wanapiga pamoja na vijana. Mzee aliyepiga duniani kote miaka 40 anaketi kwenye piano, kijana wa miaka 20 anashika fidla, mwingine anashika cello, na wanafanya mazoezi ya utungo mmoja kwa wiki kadhaa bila kulazimika kuufikisha jukwaani. Ukiwa tayari, utapigwa mwisho wa wiki. Usipokuwa tayari, basi. Serkin mwenyewe aliongoza hapo mpaka alipofariki mwaka 1991, na baada yake wameongoza wapiga piano pia, Richard Goode na Mitsuko Uchida, na kisha Uchida pamoja na Jonathan Biss. Huko hawaingii ila waliochaguliwa kwa uwezo wao. Naiheshimu sana Marlboro, na sikosoi uchaguzi huo, kwa kuwa kazi inayofanyika pale haiwezekani bila mikono iliyokwisha kukomaa. Ila mtu asiseme kwamba hiyo ndiyo shule ya kiangazi halisi na zile nyingine ni burudani ya watu wenye nafasi.

Mfano ninaoupenda wa zile nyingine uko Manchester. Chetham's ni shule ya muziki iliyomo katika majengo ya mwaka 1421, pamoja na maktaba iliyofunguliwa mwaka 1653 ambayo ndiyo maktaba ya umma kongwe kuliko zote katika nchi zinazozungumza Kiingereza. Imekuwa shule maalumu ya muziki tangu 1969, na mwaka 2017 ilifunguliwa humo ukumbi mpya wa matamasha, Stoller Hall. Kila Agosti, chini ya uongozi wa mpiga piano wa Uskoti Murray McLachlan, mahali hapo hugeuka kuwa shule ya kiangazi ya wapiga piano wa kila namna. Anakuja mtoto anayejiandaa kwa mashindano, anakuja mwanafunzi wa chuo, anakuja mwalimu wa kijijini anayetaka kujikumbusha, anakuja mhasibu aliyestaafu ambaye ndoto yake ni kupiga balada moja ya Chopin kabla hajafa. Mtu hupata masomo ya peke yake kutoka kwa walimu zaidi ya mmoja, huhudhuria madarasa ya wazi na mihadhara, hupiga katika matamasha ya wanafunzi, na usiku huwasikiliza walimu wakipiga ukumbini.

Hilo la walimu kupiga usiku lina uzito kuliko linavyoonekana. Mchana umemsikia mwalimu akimwambia mtu asikimbilie mwisho wa sentensi. Usiku unamwona yeye mwenyewe mbele ya mamia ya watu, moyo ukimwenda mbio kama wa mtu yeyote, akijitahidi kutokimbilia mwisho wa sentensi. Mwalimu ambaye mwanafunzi hajawahi kumsikia akipiga anabaki kuwa mtu wa maneno. Liszt alilijua hilo, ndiyo maana aliwainua vijana kwenye kiti.

Naomba nichukue mfano mmoja wa kazi inayofanyika katika darasa la namna hii, kwa ajili ya wasomaji ambao hawajawahi kukaa ndani yake. Chukua sehemu ya kwanza ya ile sonata ya Mbalamwezi, opus 27 namba 2, iliyochapishwa mwaka 1802. Beethoven aliagiza sehemu yote ipigwe bila vizuizi vya nyaya, maana yake nyaya ziachwe wazi, sauti ziendelee kulia na kuchanganyika. Katika piano za wakati wake, ambazo sauti yake ilififia upesi, agizo hilo lilizaa ukungu mzuri. Katika piano kubwa ya leo, ambayo sauti yake hukaa muda mrefu, ukikanyaga pedali ya kulia, ile inayoinua vizuizi hivyo, na kuuacha mguu hapo kwa ukurasa mzima, utapata vurugu tupu. Kwa hiyo mwanafunzi mmoja anakuja akiwa amebadilisha pedali kwa kila badiliko la sauti za chini, safi kama alivyofundishwa, na muziki umekauka. Mwingine anakuja akiwa amelitii agizo la mtunzi neno kwa neno. Mwalimu hodari hatamwambia yeyote kati yao kwamba amekosea. Atamwomba wa kwanza asiinue mguu wote, aupandishe nusu tu, ili vizuizi viguse nyaya bila kuzinyamazisha. Atamwomba wa pili apige sauti za katikati kwa wepesi zaidi, ili kile kinachochanganyika kiwe kidogo. Kisha atawaomba wote wawili wasikilize mwisho wa noti, kwa sababu wengi wetu husikiliza mwanzo wake tu. Pedali haiwezi kuandikwa kwa ukamilifu katika nota, wala haielezeki kwa barua. Ni lazima uisikie ikibadilika katika chumba, chini ya mguu wa mtu mwingine, wakati wewe huna kazi nyingine isipokuwa kusikiliza.

Hapo ndipo ninaporudi kwetu. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, wanafunzi wengi wa piano hufuata mitihani ya ABRSM, ile bodi ya mitihani ya muziki ya London iliyoanzishwa mwaka 1889, daraja la kwanza hadi la nane. Siibezi. Imetupa kipimo, imewapa wazazi uhakika, na imewafanya watoto wetu wajue skeli zao. Lakini mtoto anaweza kufika daraja la tano akiwa na nyimbo tatu tatu za kila mtihani, bila kuwahi kumsikia mtoto mwingine akifundishwa wimbo wowote. Anampigia mwalimu, kisha mtahini, kisha labda wageni wa nyumbani siku ya sikukuu. Akikosea, anadhani kosa ni lake peke yake duniani. Nimefundisha watoto waliokuwa wakiamini kwamba vidole vyao vina kasoro, na imani hiyo ikatoweka siku walipomwona mwenzao mkubwa, waliyemdhani hodari, akikwama mahali pale pale.

Gharama ya shule za kiangazi za Ulaya ni kubwa kwa familia nyingi za Afrika Mashariki, ukijumlisha ada, nauli na viza, na sitamshauri mzazi yeyote akope fedha ili mtoto akakae wiki moja Manchester. Tofauti na zama za Liszt, hakuna aliye na nyumba ya mtawala na moyo wa kufundisha bure. Baadhi ya shule hutoa ufadhili, na kijana mwenye bidii aombe mapema, tena aombe hata nafasi ya msikilizaji pale inapotolewa, kwa sababu kwa kawaida ni nafuu na, kama nilivyoeleza, huenda ndiyo yenye mavuno zaidi. Anayekwenda asibebe utungo mgumu aliouanza mwezi uliopita ili awashangaze watu. Abebe utungo anaoujua kwa mikono na kwa moyo, ili bingwa apate kugusa muziki wenyewe, na ufundi wa vidole aumalizie nyumbani na mwalimu wake wa kila wiki.

Kwa wale tunaobaki hapa, jambo lenyewe halihitaji nauli. Wakati wa likizo ya Desemba nimekuwa nikiwakusanya wanafunzi wangu sebuleni, wakubwa kwa wadogo, na kumfundisha mmoja huku wengine wakiwa na nakala za nota na penseli mkononi. Nawataka wasikilizaji waandike walichokisikia kabla mimi sijasema neno, na mara nyingi wanakuwa wamekwisha kusikia nilichotaka kukisema. Wazazi wengine hulalamika kwamba mtoto amekaa saa mbili na amepiga dakika 15 tu, nami nawaeleza kwa subira haya niliyoyaandika hapa. Likizo ijayo walimu wenzangu wawili wa jirani wamekubali tuunganishe madarasa, kila mmoja wetu afundishe wanafunzi wa mwenzake mbele ya wote, na jioni sisi walimu tupige. Tutatumia zile sonatina (sonata fupi) sita za Clementi, opus 36, zilizotoka mwaka 1797, kwa sababu karibu kila mwanafunzi wa miaka michache anao walau mmoja kitabuni mwake, na kwa hiyo hata watakaokuja bila zamu ya kupiga watakuwa na wanachokijua cha kusikiliza.